Ngazi za Usiku, Mchana Kweupe

Siku ile mimi na Mama tulikuwa tunaanika maharage kwenye baraza ya monasteri, na Fureri Gaspari alikuwa anatugombeza kwa kuyatandaza mpaka njiani. Huku Kibaha ninakoishi sasa wangemwita bruda. Kwetu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tunasema fureri. Alikuwa mlinda mlango, mzee mnene, mpenda ubishi. Mama alikuwa na mimba kubwa na hakuwa na mpango wa kuinama mara ya pili, kwa hiyo maharage yalibaki pale pale.

Tulikuwa wakimbizi ndani ya nchi yetu wenyewe. Vita vilikuwa vimeshafika vijiji vya mlimani, na hao watawa Wabenedikto waliwapa wanawake na watoto bweni lao la ghorofani. Wao wakahamia kulala katika chumba cha chakula.

Fureri alipenda kunieleza jengo lile. Alisema waliolijenga waliiga ramani ya abasia moja ya Ulaya ya Zama za Kati: kanisa upande mmoja, ua wa mraba katikati, na baraza yenye matao kuuzunguka ua wote, ili mtu atoke kusali aende kula au kusoma bila kunyeshewa. Bweni lilikuwa na ngazi mbili. Ngazi za mchana zilishukia uani. Ngazi za usiku zilishukia ndani ya kanisa moja kwa moja, maana watawa wa kale waliamka gizani kwenda kusali, na nje kulikuwa na theluji.

"Kwetu theluji iko wapi?" nilimuuliza.

"Walioiga hawakuuliza," alisema huku akicheka. "Waliogopa kukosea ramani."

Mafundi wa kijijini walisema ngazi hizo za pili zilikuwa kupoteza matofali tu.

Alikuwa na desturi nyingine ya zama hizo hizo. Mtu akigonga, hakuuliza ni nani. Alijibu kwanza, "Mungu ashukuriwe!" ndipo akafungua. Kanuni yao inataka hivyo: Mungu ashukuriwe kwa ajili ya mgeni, hata kabla mgeni hajajulikana. Mama alimtania kwamba iko siku atamkaribisha mwizi.

Baada ya chakula cha mchana tulipanda bwenini kupumzika. Mara lango likagongwa kwa vitako vya bunduki.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya kijana. Wenzake wakacheka.

"Mungu ashukuriwe!" Fureri alijibu. "Karibuni!"

Kisha tukasikia makomeo yakifunguliwa, moja moja, polepole.

Mama hakuweza kukimbia. Ngazi za mchana zingetutoa uani, mbele ya macho yao. Nilimshika mkono nikamvuta upande wa pili.

"Hizi si za usiku?" alininong'oneza. "Za watawa?"

Akavua kandambili zake. Bunduki ziko langoni, na mama yangu anavua viatu kwa heshima.

Tulishuka wote, watoto wamezibwa midomo. Tukapita nyuma ya altare, tukatokea mlango mdogo wa sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, tukaingia migombani.

Nyuma yetu bunduki ililia.

Habari za mzee tulizipata baada ya kuvuka ziwa hadi Kigoma, Mama akiwa ameshajifungua mtoto wa kiume. Fureri Gaspari aliuawa pale pale langoni. Ndiyo maana mdogo wangu anaitwa Gaspari.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia yule mzee. Kwa nini alijibu? Angenyamaza, labda wangevunja lango, labda wangechoka wakaondoka. Mpaka leo sijui kama makomeo yalikuwa mazito kwa sababu ya uzee wake au aliyachelewesha makusudi. Ninachojua ni kwamba Mama alipata nafasi ya kushuka zile ngazi hadi chini, na kwamba ninamkumbuka sana mzee yule.

Siku hizi nachora ramani za nyumba, na Gaspari ni fundi mwashi. Mtu akibisha hodi kwangu Tumbi, hapa Kibaha, mdomo wangu unajibu wenyewe: "Mungu ashukuriwe!" Majirani hawaniachi. "Dada, na akiwa mgambo je?" Najibu kwamba hata mgambo ana mama yake.

Mwaka huu watu wa Marui, kule Kisarawe, walitaka nyumba ya kina mama wajawazito wa mbali kusubiria siku zao. Niliwachorea ua wa mraba katikati, na baraza yenye matao pande zote. Bi Mwanahawa, mkunga wao, hakupendezwa.

"Sasa huu uwanja wa nini, mwanangu? Si ungetuongezea chumba?"

Nilimsimulia yote, hadi kandambili za Mama. Alisikiliza, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema, "Basi uwanja ubaki."

Wiki iliyopita mimi na Gaspari tulikwenda kuutazama mlango aliokuwa ameupachika. Ndani kulikuwa kumeshaingia wajawazito wa kwanza. Nilibisha.

"Hodi!"

"Mungu ashukuriwe!" Bi Mwanahawa aliitikia kutoka ndani, na wale wajawazito wakaangua kicheko. "Karibu! Haya, sasa tuambie, ni nani?"

Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa najibu hivyo. Hakuna aliyewahi kunijibu. Nilisimama pale kizingitini nikilia waziwazi.

"Ingia, dada," Gaspari alisema nyuma yangu. "Ameshakukaribisha."