Asali Niliyoomba kwa Ukoo Usio Wangu

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona mpaka umande wake. Niliondoka kwetu Kinoru bila kumwambia mtu, nimevaa sweta ya kaka yangu, mfukoni nina viazi vikuu viwili vya kuchoma. Sikuwa na mpango wa maana. Uhuru ulikuwa wa juzijuzi, nami nilikuwa na miaka ishirini au karibu na hapo. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, kwa sababu mwalimu alichoka na maswali yangu na mimi nikachoka na majibu yake. Kilichonitoa nyumbani ni sinema.

Jumamosi iliyotangulia, gari la kampuni moja ya sabuni lilikuja mjini Meru. Mchana kweupe wakaziba madirisha ya ukumbi kwa magunia, wakatundika shuka ukutani, wakatuonyesha kwanza sabuni, kisha filamu. Ilikuwa filamu kuukuu, na walioitengeneza hawakuwa na pesa nyingi. Merikebu ilikuwa moja tu, na dhoruba ilipokuja mlingoti ulitikisika lakini mawingu nyuma yake hayakusogea. Wanaume wanne walikuwa wakitafuta sanduku la dhahabu lililozama baharini. Kila walipolikaribia, mmoja wao alipungua. Wenzake walimkatia mpira wa hewa akiwa chini majini, wakagawana fungu lake kabla halijapatikana. Kulikuwa na pweza pia, na uzi uliomvuta ulionekana.

"Mikono minane na hakuna jembe," mama mmoja nyuma yangu akasema, na ukumbi mzima ukacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona bahari kwa mara ya kwanza, maji yasiyo na ng'ambo, na kifua kiliniuma kana kwamba kuna mtu wangu aliyekwenda huko akanisahau. Mwisho sanduku likavutwa juu, kufuli likavunjwa, mkono ukashika kifuniko. Hapo shuka ikawa nyeupe.

"Kipande cha mwisho kilikatika," mwenye mashine akatuambia. "Kiko kwa fundi, Embu. Ijumaa ijayo naonyesha yote huko Kiritiri."

"Na sisi je?" mtu akauliza.

"Nyinyi mmeona bahari. Hamshibi?"

Sikushiba. Jumapili nilikaa kanisani bila kusikia neno. Jumatatu ndiyo asubuhi hiyo ninayokusimulia.

Lori la kubeba pamba lilinichukua likiteremka Tharaka. Ulikuwa mzunguko mkubwa, lakini ndilo lililosimama. Nilipanda nyuma na utingo, kijana mcheshi aliyejua habari za kila kijiji. Ndiye aliyeniambia kwamba watu wa kule tulikokuwa tunakwenda wana gichiaro na ukoo mmoja wa kwetu Meru. Pengine wewe hukuikuta desturi hiyo. Gichiaro ni undugu wa kiapo kati ya koo mbili, ulioapwa na mababu. Ndugu yako wa gichiaro akija kwako, humnyimi anachoomba na humdanganyi, na yeye vilevile kwako. Watu waliuogopa kuliko askari.

"Mtu wa ukoo ule akifika huku anakula kama chifu," utingo alisema. "Bahati mbaya mimi ni Mchuka."

Mimi pia sikuwa wa ukoo ule. Lakini lori liliponiacha njia panda jioni, na njaa imenishika, nikaenda kwenye boma la kwanza nililoliona. Mwenye boma, Mzee Mbaka, alikuwa akifunga mbuzi. Alinipa mkono, akaniuliza kama wazee wote walivyouliza: "Wewe ni wa nani, na wa ukoo gani?"

Nikautaja ukoo ule.

Mwanangu, nimezunguka sana tangu siku hiyo, lakini sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliweka kamba chini. Akanishika mikono yote miwili, akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari njema: "Njoo uone, ndugu yetu amekuja." Mke wake alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama tu, akanitazama. Kisha akanifuta vumbi usoni kwa leso yake, mtu mzima mimi, na sikujua pa kuangalia.

Walinichinjia mbuzi. Nililala kwenye kitanda cha mzee, yeye akalala kwa mwanawe Mutegi. Siku ya pili nilisema napenda uji wa wimbi, ukapikwa, na ile ilikuwa miezi ya kiangazi ambapo wimbi hupimwa kwa kiganja. Siku ya tatu Mutegi alinipeleka kuona mizinga yake. Alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, hana maneno mengi. Akanionyesha chombo cha gogo lililochongwa, chenye kifuniko cha ngozi, kimejaa asali.

"Hii ni ya Jumapili saa nne," akasema. "Tunaipeleka kwa kina Karimi, kuposa. Wamenikubali, lakini bila asali wazee wao hawakai chini. Nimeikusanya misimu miwili."

Ilikuwa nimwambie hongera, ninyamaze. Lakini usiku ule nililala nikifikiria bahari. Nikahesabu kwamba asali ile ikiuzwa Embu inaweza kunifikisha Mombasa nikaone yale maji kwa macho yangu. Asubuhi ya Alhamisi, nikiwa naaga, nikamwambia mzee, "Ndugu yangu, nimependa asali ile."

Mzee Mbaka aliangalia chini. Akamwangalia mwanawe. Mutegi alikuwa ameshika mlango, na niliona kidole chake kikikwaruza ubao polepole. Mama yake akaingia jikoni.

"Mpe," mzee akasema.

Mutegi aliingia, akaitoa, akanitwisha begani yeye mwenyewe. "Safiri salama, ndugu," akaniambia. Aliniita ndugu hata hapo.

Nilifika Kiritiri Ijumaa mchana, nimetembea na kupanda lori la mkaa, asali imenichubua bega. Gari la sabuni lilikuwa limekwisha fika. Walikuwa wanaziba madirisha ya ghala la pamba, na watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Nikakaa chini, chombo kati ya magoti.

Wambeere wa Kiritiri waliitazama filamu ile kwa namna yao. Dhahabu haikuwashughulisha. Waliuliza juu ya maji.

"Yote hayo ni ya nani?"

"Ya serikali."

"Basi hatuyapati."

Walicheka, nami nikacheka nao, mpaka kikafika kile kipande nilichokifuata. Mkono ukainua kifuniko, na dhahabu ilikuwamo, sanduku zima. Sijui kwa nini nilikuwa nimetarajia liwe tupu. Aliyelifungua alikuwa amebaki peke yake. Akaketi juu ya dhahabu yake katikati ya maji yasiyonyweka, midomo imepasuka, akaangalia huku na huku. Hakuna aliyemfuata na hakuna aliyemngoja. Ndivyo ilivyoisha.

Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu akamwuliza jirani yake, kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu hana kwao?"

Sikungoja taa. Nilijitwika asali, nikarudi njia niliyojia. Lori sikupata mpaka Jumamosi jioni, nalo liliniacha mbali, hivyo nikatembea kuanzia alfajiri nikihesabu muda kwa jua. Wazee wa kina Karimi wangekuwa wamekaa wakingoja saa nne. Nilifika bomani kwa Mzee Mbaka Jumapili kabla ya saa tatu. Mutegi alikuwa ameketi kwenye kigoda nje, amevaa shati safi lililopigwa pasi, mikono juu ya magoti, kama mtu asiye na pa kwenda. Nikaiweka asali mbele yake. Nikamwambia baba yake ukweli wote.

Nilitegemea fimbo. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu siku ile ulipoomba nilijua," akasema. "Ndugu wa gichiaro anajua hawezi kunyimwa. Kwa hiyo anaogopa kuomba. Wewe hukuogopa."

"Basi kwa nini ulinipa, mzee?"

"Na kama nilikuwa nimekosea? Ningekuwa nimemfukuza ndugu yangu mikono mitupu. Afadhali nidanganywe na wewe." Akageukia wazee wenzake waliokuwa wakijiandaa kwenda kwa kina Karimi kuomba siku nyingine. "Chukueni asali, jua linapanda."

Mutegi aliitwaa. Alinipita karibu kabisa, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayekubali salamu ya mgeni barabarani. Hakusema ndugu.

"Mzee," nikasema, "nifanye nini nisamehewe?"

"Nimekusamehe. Lakini nyumba hii ilikupokea ukiwa mtu mwingine, na mtu huyo hayuko. Wewe sijakujua bado." Akanipa kibuyu cha maji ya njiani. Mama yake Mutegi alisimama jikoni, nikaona leso yake, na yeye akatazama kando.

Nilishuka tena kusini bila kujua ninakwenda wapi. Jumatatu jioni nikafika kwenye soko dogo upande wa Mbeere, mahali nisipomjua mtu. Mama mmoja aliyeuza kunde alikuwa anafunga duka. Nikamwomba mahali pa kulala. Akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia jina langu, jina la baba yangu, na ukoo wetu ambao huko hauna undugu na mtu.

"Sikujui wala ukoo wenu siujui," akasema. "Lala hapo kwenye magunia. Asubuhi utafagia."

Nililala pale vizuri. Nikafagia asubuhi, nikakaa naye mwaka mzima nikibeba magunia, kisha nikaendelea kuzunguka, maana ndivyo nilivyoumbwa. Mombasa nilifika hatimaye, nikasimama ufukweni, ikawa bahari nzuri tu. Ninachokitamani mpaka leo hakiko huko. Natamani jioni ile ya Tharaka, mzee akiweka kamba chini na kumwita mkewe aje aone. Ilikuwa furaha ya kweli kabisa, na haikuwa yangu. Mara mbili nimepita njia panda ile. Mara ya pili nilisikia watoto wa Mutegi wakiitana wakichunga mbuzi. Nilisimama mpaka vumbi likatulia, nikaendelea na safari.

Basi sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kwenda. Hamu ya kuona ya mbali Mungu hakuiweka moyoni kwa makosa. Lakini usiingie kwa watu kwa jina ambalo si lako, liwe la ukoo, la dini, la kazi au la mapenzi. Watakupa, kwa sababu watu ni wema kuliko tunavyodhani, na vitu unaweza kuvirudisha kama nilivyorudisha asali. Ile namna walivyokupokea hutaipata tena, na utaitafuta maisha yako yote. Na mtu asipoweza kukunyima kitu, hapo ndipo ujinyime mwenyewe. Afadhali magunia ya kunde kwa jina lako.

Nenda sasa, kungali mapema. Mungu akufungulie njia, akupe maji kila mteremko, na kila boma utakalobisha hodi likupokee wewe mwenyewe. Na ukichoka kuzunguka, awepo mtu wa kukuita ndugu akiwa anakujua.