Mashine Yangu ya Kufuta Kijani

Mimi fundi runinga wa Nyakanazi, darasa la nne tu, hakuna cha kunishangaza. Kwa harusi ya binti yangu Adela niliunda mwenyewe, kwa kompyuta chakavu na kamera, mashine ya kubadilisha picha papo hapo kwenye skrini kubwa. Kila penye kijani inaweka picha nyingine. Nyuma ya maharusi nikatundika shuka la kijani, na mahali pake kwenye skrini nikaweka picha ya ng'ombe wa mahari, ili wakwe zangu Wasukuma waone wameheshimiwa.

Sare ya mashangazi sikuuliza. Fundi mzima nihangaike na vitambaa?

Dada zangu tisa wakaingia wakicheza. Ukumbi ukaangua kicheko, nikadhani nasifiwa, nikaongeza mwanga. Mkwe akaniinamia: "Mzazi mwenzangu, mbona ng'ombe wetu wamerudi na vichwa vya dada zako?"

Nikatazama skrini. Vitenge vya kijani havipo, ni vichwa tisa juu ya ng'ombe wanaokata viuno.

Dada mkubwa alishanifikia, mikono kiunoni. "Mdogo wangu, mwili wangu umeupeleka wapi?"

Adela alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Vitenge tisa vyekundu vya kuomba radhi vimenigharimu shilingi laki moja na themanini elfu.