Walikuja Kuomba Tairi

Baba yangu alikuwa fundi pancha njia panda ya Usagara, na kaka yangu mkubwa alishinda naye pale kibandani. Kaka alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Mama alishafariki. Baba ndiye aliyemwogesha, akamnyoa, akamfundisha kuvuka barabara.

Mchana ule nilipeleka chakula nikamkuta baba peke yake, akibandua tairi la lori. Kaka alikuwa amekwenda kujisaidia. Kabla sijaweka sufuria chini, wakaja vijana wawili mbio, wakaomba tairi kuukuu. Baba akauliza la nini. Wakasema amekamatwa mwizi wa watoto, jitu moja lenye sweta jekundu, halitaki hata kusema jina lake.

Baba hakuuliza tena. Alichukua wenzo wa chuma akakimbia, nami nyuma yake.

Tulimkuta kaka chini, watu wamemzunguka. Sikio lilikuwa limechanika, mdomo umejaa mchanga na damu. Walimpiga kwa fimbo, kwa mawe, kwa mateke, na kila alipoinua kichwa walikipiga hichohicho. Alikuwa akimwita baba, nao wakimcheka. Mwanamume mmoja alishika kidumu cha petroli. Baba alimpiga kwa wenzo, nikasikia mfupa wa mkono ukivunjika. Akampiga mwingine usoni. Kisha wakamnyang'anya wenzo wakaanza kumpiga nao. Akajitupa juu ya kaka, akamfunika.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Mkimchoma, tuchomeni wote wawili."

Hawakuacha. Nilimrukia mmoja mgongoni nikamuuma bega, akanibwaga chini. Aliyewaokoa ni mama mmoja muuza mahindi, aliyejipenyeza na mwanawe mgongoni, akipiga kelele kwamba mtoto wake huyo alikimbilia barabarani, na kwamba huyo wanayemuua ndiye aliyemnyakua mbele ya basi.

Wakashusha fimbo. Watu wakaondoka mmojammoja bila kutazamana, na yule mama ndiye pekee aliyebaki kunisaidia kuwainua.

Baba alivunjika mbavu. Kaka alipoteza jicho. Majirani walimshauri baba awe anamfungia ndani, akakataa. Alipopata nafuu alirudi naye kibandani, akamkalisha kando yake.

Siku moja akaja mtu mwenye plasta mkononi. Nilimtambua, ni yule wa petroli. Alimpa baba shikamoo, akasema shetani aliwapitia, anaomba msamaha.

Baba hakuitikia. "Mwambie yeye," alisema.

Mtu yule akamgeukia kaka. Kaka alipoiona ile sura alijibanza nyuma ya baba, akafunika kichwa kwa mikono, mkojo ukamchuruzika miguuni.

Baba akaokota jiwe.

"Nenda," alisema, "kabla sijakupasua nalo."

Akaenda, tena upesi. Baba akalitupa jiwe, akamshika kaka mkono, wakaingia ndani kubadilisha suruali.