Kiti cha Kushoto

Mnada aliokuwa akiujua mama yangu ni ule wa nje ya kanisa, kule Kikwe, baada ya ibada, ambapo ndizi na kuku wa sadaka hunadiwa na kila mtu anajua kuku ni wa nani. Ndiyo maana nilipompelekea picha ya gari nililolipata kwenye mnada wa mtandaoni, hakuuliza bei.

"Lilikuwa la nani?"

"La Mjapani, mama. Simjui."

Nilikuwa nimevimba kichwa. Enzi zile internet kafe bado zilikuwa ngeni Arusha, na mimi nilishinda humo wiki nzima nikitafuta magari ya ajali, kwa kuwa gari zima nisingeliweza. Miguu ya mama ilishagoma, na kila baada ya wiki mbili alitakiwa kliniki mjini. Lile nililichagua kwa sababu lilikuwa limebonyea upande mmoja tu, kwenye mlango wa abiria. Kosa langu ni kuichapa picha kwenye karatasi na kwenda kujitapa nayo.

Mama aliisogeza mwangani, akaweka kidole palipobonyea. "Na aliyekaa hapa?"

"Hakuna aliyeumia," nilisema, bila kujua lolote.

Gari lilipofika, nilikuta mkanda wa kiti cha kushoto umekatwa kwa kisu. Nilisimama nao mkononi pale gereji, Kwa Mrombo. Fundi alinyoosha bodi, akapaka rangi, akafunga mkanda mwingine wa kijivu kwa kuwa mweusi haukupatikana. Mama sikumwambia.

Naye hakulipanda. Kliniki ikampita mara mbili. Nilimfokea, na ninajuta mpaka leo. Nilimwambia gari nimelinunua kwa ajili yake, halafu analikataa kwa sababu ya mtu asiyemjua hata jina. Akanijibu kwa upole, "Basi mwite mchungaji aliombee."

Kuombea gari jipya kwetu ni jambo la kawaida. Mchungaji akaja, majirani wakasimama uani, chai ikawa tayari jikoni. Kabla hajafumba macho, mama akamwambia, "Mchungaji, tumwombee na yule aliyekaa hapa."

Mchungaji akasita. Sisi Walutheri hatuwaombei wafu. "Mama, tunajua kama yu hai?"

"Hatujui kama amekufa."

Mchungaji akanigeukia mimi mwenye gari. Nikatazama matairi. Basi akaomba, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na majirani wakaitikia amina.

Jumanne, siku ya kliniki, mama akapanda mbele, kushoto. Tulipokaribia lami akauvuta mkanda, akautazama, kisha akatazama wangu.

"Mbona wako ni mweusi?"

Nilisimamisha gari. Nikamwambia yote: kisu, gereji, uongo wangu. Niliona aibu kuliko siku zote nilizowahi kumkosea, na nilitegemea ashuke.

Hakushuka. Aliupapasa ule mkanda kwa kidole gumba.

"Waliukata ili wamtoe upesi," akasema. "Mwanangu, maiti hawaiharakishi hivyo."

Akajifunga. "Haya, washa gari. Tutakosa namba."