Mlango Niliousukuma kwa Jirani

Nina ploti ya vyumba vya wanafunzi hapa Kesses, na jirani yangu Mama Jeruto ana yake. Yake hujaa hata kabla chuo kifunguliwe. Yangu ina vigae vipya, na bado kufuli zinaning'inia milangoni. Wivu ulinikaba hadi nikaacha kumsalimia.

Juzi nilisikia ameenda Burnt Forest kununua viazi. Nikavaa kofia ya kufunika macho, nikamwendea msimamizi wake mpya asiyenijua, nikajifanya mzazi anayemtafutia binti yake chumba.

"Zote zimejaa, mzee," akasema. "Watu hapa hawahami."

"Kwani maji yenu ni tamu kuliko ya wengine?"

"Maji ni ile ile. Lakini Mama hawezi kuingia kwa mtu bila kupiga hodi. Wengi wametoka hapo kando, landlodi wao alikuwa anajifungulia milango tu."

Nikacheka kwa dharau. Mtu apige hodi kwa nyumba amejenga mwenyewe? Nikausukuma mlango wa karibu nione kama ndani kuna vigae, nikaingia.

Msichana aliyekuwa anasuka nywele akavuta blanketi, akanichungulia chini ya kofia. Muhula uliopita alikuwa mpangaji wangu.

"Landlodi," akasema polepole, "hata huku umekuja bila hodi?"