Toroli Lisilo na Mtu

Yule bwana alikuwa amesukuma matoroli ya mawe ya dhahabu miaka tisa, chini ya ardhi kule Geita, na kifua chake kilikuwa kimeanza kukohoa vumbi. Karakana ya umeme ya mgodi ilipotangaza mtihani wa kuchukua mafundi wanafunzi, mkewe alinifuata shuleni.

"Mfundishe, mwalimu. Asipotoka shimoni mwaka huu hatatoka tena."

Nilianza na swali jepesi. Toroli lililojaa, zito mara tatu ya toroli tupu, linakwenda futi nne kwa sekunde. Linagonga tupu lililosimama, yanashikana. Yataendelea kwa mwendo gani?

"Sifuri."

"Sifuri vipi, kaka?"

"Nimeweka gogo kwenye gurudumu."

"Kwenye swali hakuna gogo."

"Nione toroli linakwenda kugonga jingine, nisiweke gogo? Nyapara atanifukuza."

Wiki nzima jibu lilikuwa sifuri. Nikahamia kwenye umeme: chaji mbili zinazosukumana, ukizitenganisha kwa umbali mara mbili ya ule wa mwanzo, nguvu inabaki robo. Hilo alilishika mara moja, nikafurahi. Nikamwuliza, moja ikiachiwa itaelekea wapi?

"Haiendi popote. Nazima swichi kwanza."

Niliweka chaki mezani nikatoka nje, nikalizunguka jengo la shule mara mbili. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia arudi kwenye mawe yake. Niliporudi nilimkuta amefuta ubao, ameliandika swali upya, herufi kubwa kubwa. Maneno yale nikayameza.

"Hujawahi kuona toroli linakwenda bila mtu?"

"Moja. Mnyororo ulikatika. Lilikuta tupu njiani, likaenda nalo mpaka kwenye kona."

"Kwa kasi ile ile?"

"Lilipungua. Si sana, lilikuwa limejaa."

"Kiasi gani?"

Akashika chaki. Tatu mara nne, kumi na mbili. Yakishikana uzito ni nne. Akagawanya.

"Futi tatu. Lakini hapo hapakuwa na mtu."

"Kwenye mtihani hapana mtu kamwe."

"Si ungesema tangu Jumatatu, mwalimu."

Orodha ilipobandikwa mlangoni mwa karakana, jina lake lilikuwa la mwisho, ila lilikuwepo. Mkewe alipita kwangu asubuhi ile. Fizikia hakuitaja.

"Shikamoo, mwalimu. Hiyo karakana ina madirisha?"

Nikamwambia inayo, makubwa, pande zote mbili.