Maandishi ya Buluu ya Mhunze

Hasira yangu kwa yule bosi haijapoa, na sina mpango wa kuipoza. Mwishoni mwa miaka ya tisini aliniajiri kwenye mradi wa mifugo pale Shinyanga mjini, kwa kuwa nilikuwa na shahada na miwani. Nilitakiwa kutengeneza programu ndogo, inayoenea kwenye flopi chache, ya kuonyesha kurasa za HTML za magonjwa ya ng'ombe kwenye kompyuta za mabwana mifugo vijijini. Nikatengeneza dirisha tu: nembo ya mradi juu, ukurasa chini. Kitufe cha kurudi nyuma sikuweka, kwani kila ukurasa ulikuwa na njia yake ya kurudi mwanzo.

Kasheshe ilikuwa maandishi ya buluu. Wafadhili walituletea kurasa zenye viungo vya buluu vya kwenda kwenye mtandao, huko kwao Ulaya. Ukibonyeza kimoja, dirisha langu linatii: linaufuta ukurasa wa ng'ombe, linaandika "Inatafuta", na pasipo simu linabaki hivyohivyo. Nilimwambia bosi tulizuie hilo. Programu ikague anwani kwanza. Ikiwa ni ya nje, isiifungue humo, itoe ujumbe na ukurasa ubaki palepale. Kazi ya mchana mmoja. Akakataa. Ofisini kwake simu ya kuunganisha mtandao ilikuwepo, na wafadhili walikuwa njiani kuja kukagua. Alitaka waone tovuti yao ikifunguka chini ya nembo yetu.

"Usinifungie milango, msomi," alisema.

Nilibishana naye kisomi, yaani kwa maneno mengi na bila matokeo.

Kompyuta ya kijiji cha Mhunze ilikuwa kwa bibi mifugo, binti aliyetoka chuoni mwaka uleule. Jenereta alikuwa nayo, simu hakuna. Mvua za kwanza zilipoanguka, mzee mmoja alimletea maksai wake aliyekuwa anazunguka hovyo na kutafuna mate. Mzee alikuwa na jozi moja tu ya kulimia, na maksai mmoja peke yake havuti plau. Binti alishuku ugonjwa wa moyo kujaa maji, ila alihofia kichaa cha mbwa, akafungua ukurasa wa moyo kujaa maji ahakikishe. Juu kabisa paliandikwa kwa buluu: picha zaidi. Akabonyeza. Dirisha likawa jeupe: "Inatafuta". Akasubiri.

Wa Dar es Salaam watacheka hapo. Lakini sisi wa kule simu ya mbali tuliijua hivi: unaiagiza posta, opareta anakutafutia laini, unakaa kwenye benchi, na ukinyanyuka umepoteza zamu. Binti aliamini mashine inamtafutia laini. Akamsihi mzee avute subira, wakasubiri wote wawili, hadi maksai akalala chini na hakuinuka tena. Dawa ilikuwa kabatini. Kipimo chake kilikuwa kwenye ukurasa uleule uliofutwa.

Bosi alinituma nikaichukue kompyuta, akisema binti ameiharibu. Nilipofika, mzee alikuwa amekaa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama kwa utulivu.

"Laini imepatikana, mwalimu?"

 Niliingia ndani, nikaketi mbele ya ile mashine niliyotumwa kuibeba, nikafanya marekebisho niliyokatazwa. Kwa hasira nilikosea mara kadhaa, mtaalamu mzima. Nilipomaliza nikamwita binti ajaribu. Akabonyeza yale maandishi ya buluu. Ukurasa ukabaki, na kikatokea kisanduku: "Anwani hii iko nje ya mashine. Hapa hakuna simu."

Alikisoma taratibu.

"Kwa hiyo mlijua."

Nikasema ndiyo, tulijua. Nilitaka kumweleza habari za bosi, za nembo, na jinsi nilivyobishana. Yeye alikuwa ameshafungua kabati, anachagua sindano. Akaniomba nimpishe, nje kuna mtu na ndama.